Jinsi Torquil MacVicar Alivyokitwaa Kilima cha Cnoc Mòr

Sogeeni karibu, nyote mlio na masikio. Wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana habari inayokuja ni ya vita visivyopigiwa tarumbeta: habari za Torquil MacVicar, mwana wa Aonghas, Mshinda Mvua, Mkata Mboji ya Kuwashia Moto, mwenye miaka sabini na saba na goti moja la chuma, na jinsi alivyokiendea kilima cha Cnoc Mòr kisiwani kwao, kilichoinuka juu ya bahari mita themanini na moja kamili.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Kila mwaka, siku ya kuwateremsha kondoo wakanyolewe, sharti mtu mmoja asimame kileleni na kuita, ili kondoo wageuke kutoka kwenye majabali ya bahari na kushuka zizini. Kwa miaka arobaini na mmoja sauti hiyo ilikuwa ya Torquil. Lakini mwaka huu Peigi, dada wa marehemu mkewe na katibu wa kamati ya malisho, alitangaza mbele ya watu kwamba Torquil atakaa kwenye benchi akikunja sufu.

“Shemeji, goti lako bado linanuka hospitali,” alimwambia. “Kaa, unywe chai. Kilima tumpe Murdo.”

Murdo, jirani yake, kijana wa miaka sitini na mitatu, aliitazama dari kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kushinda.

Torquil akainuka kama radi ambayo haijaamua ipige wapi. Kisha akanena: “Peigi, Jumamosi kabla ya saa sita mchana nitakuwa kileleni. Mkiniona, nafasi ni yangu mpaka nife. Msiponiona, nipe hilo benchi, na mto wa kukalia.”

Peigi alikubali. Alisema angetazama kwa darubini kutoka dirisha la jikoni, wala asingepepesa macho.

Jumamosi ikafika. Shujaa akajifunga silaha zake: fimbo ya baba yake, sweta lililopona majira thelathini ya baridi, na mkate wa shayiri wenye jibini. Murdo alimsindikiza hadi chini ya kilima, kama mjumbe wa jeshi la adui, akamuuliza kama amletee kiti.

“Lete viwili,” Torquil akamjibu. “Wewe ndiye unayehema.”

Akapanda. Upepo ulimjia kutoka baharini na wapanda farasi wake wote, ukampokonya kofia na kuipeleka ng'ambo ya uzio, akauacha uende nayo. Tope la mboji likamshika buti la kushoto; wakapigana mieleka raundi tatu, na buti likatoka kwa sauti isiyofaa kuandikwa. Penye njia nyembamba alimkuta kondoo jike mzee amelala, akicheua, asiye na nia ya kumpisha mtu. Palikuwa na mazungumzo marefu. Mwishowe shujaa alizunguka, kwa heshima za pande zote mbili. Goti la chuma lilinyamaza. Lile la nyama ndilo lililolalamika njia nzima.

Na saa sita kasoro dakika saba, Torquil MacVicar akaweka mkono juu ya rundo la mawe la kileleni.

Papo hapo ukungu ukapanda kutoka baharini, ukakimeza kilima. Hakuliona hata buti lake mwenyewe. Akajua kwamba kule chini Peigi anatazama weupe mtupu, na moyo ukamshuka hadi kwenye lile benchi. Dakika zikapita. Basi akajisemea kwamba wasipomwona watamsikia, akajaza kifua, akaita mara tatu, kwa mwito wa baba yake, mwito uliotikisa mawe.

Katika joto la utukufu alisahau jambo moja. Sauti kutoka kilele kile ina maana moja tu kisiwani, na wanaoielewa kuliko wote wana miguu minne.

Peigi, unga ukiwa mikononi, aliwaona wakimiminika kutoka ukunguni: kondoo mia mbili, mstari mmoja, bila mbwa, wakapita katikati ya kijiji na chini ya nguo zilizoanikwa hadi kwenye zizi lililofungwa, kwa kuwa unyoaji ulipangwa Jumanne. Murdo aliiacha chai yake. Kijiji kizima kiliacha kila kitu, kikakunja mikono ya mashati, kikanyoa.

Torquil alishuka baada ya saa nzima, matope hadi kiunoni, akitarajia kutukanwa.

“Hatukukuona, shemeji,” Peigi alisema bila kuinua kichwa.

“Hamkuniona,” akakiri.

“Lakini wamekuja wote. Hata yule mwenye pembe moja, ambaye mwaka jana Murdo alimkimbiza siku mbili.”

Murdo alisema ilikuwa siku moja na nusu.

Peigi akajifuta mikono, akafungua kitabu cha kamati na kuandika mbele ya mashahidi: “Kileleni: Torquil MacVicar, mpaka yeye mwenyewe aseme basi.”

Ijulikane basi kwa vizazi vijavyo kwamba siku hiyo Cnoc Mòr ilitwaliwa na mtu mmoja, bila damu, kwa hasara ya kofia moja tu. Kilima chenyewe, hadi leo, hakijaleta malalamiko.