Lori Lililozimika Kabla Kalina Hajasema

Jumatatu, 4 Novemba

Jana kompyuta ilinitia aibu. Saa kumi alasiri, kama kila Jumapili, mimi na binti yangu Kalina tulikuwa barabarani. Yeye anafanya kazi Denmark, mimi niko hapa nyumbani, mjini Ruse, lakini ndani ya gemu tunaendesha malori mawili, lake mbele, langu nyuma. Kwenye simu Kalina hana maneno: ndiyo baba, hapana baba, kwaheri baba. Akishika usukani ndipo anaongea. Tulikuwa tumebeba matofali, tunaikaribia Vienna, akasema, "Baba, kuna jambo nataka kukwambia."

Skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ikajizima, kisha ikajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea.

Nikampigia simu. Akasema haina haraka, ataniambia Jumapili ijayo tukiwa njiani. Haina haraka! Sijala vizuri tangu hapo. Anaumwa? Anaolewa? Ameshaolewa? Sijui.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemjua mchawi. Ni kadi ya picha, ile inayochora barabara na malori kwenye skrini. Nimeichomoa, nikaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu Snezhana, nikaipangusa kwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, maana spiriti imekwisha. Nikairudisha. Lori likaenda dakika tisa, likazimika. Nyumba nzima inanuka harusi.

Shemeji Lyudmil, kaka yake Snezhana, amesikia habari. Anakaa ghorofa ya chini yetu, na kompyuta yake haijawahi kuzimika, jambo analolitaja kila tukikutana kwenye lifti. Amenialika nikacheze kwake Jumapili. Yaani Lyudmil aisikie siri ya binti yangu pamoja nami, huku akitafuna karanga? Nikamjibu kwamba yangu ni nzima, inapumzika tu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefikiri upya. Kompyuta haizimiki bure. Kuna anayeizima. Adui yuko ndani.

Nina programu mbili za kuzuia virusi: moja ilikuja na kompyuta, nyingine niliiweka mwaka jana. Zinalinda kimyakimya nyuma ya kila kitu. Lakini walinzi husinzia. Leo nimeweka ya tatu, kali kuliko zote, ina picha ya mbwa mwenye meno.

Lori sasa linakwenda dakika mbili tu. Mbwa ametangaza kwamba amekamata vitu mia nne na kumi na viwili vya kutiliwa shaka. Nilijua! Snezhana akauliza ni vitu gani. Sijui. Mbwa hakusema.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo nimefanya jambo. Nimeshuka kwa Lyudmil na chupa ya lyutenitsa, pilipili na nyanya alizosaga Snezhana mwenyewe, nikasema nimekuja kumtolea vumbi kwenye kompyuta, kwa upendo tu. Akashangaa. Miaka kumi na minane sijampangusia hata kiti. Akaenda jikoni kuchoma mkate wa kulia hiyo lyutenitsa.

Kadi yake na yangu ni mapacha, aina moja, mwaka mmoja. Nikazibadilisha: yangu niliyoificha mfukoni ikaingia kwake, yake ikaingia mfukoni. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Aliporudi alinikuta nimeikumbatia kompyuta yake. Akasema inatosha, shemeji, tule. Mkate ulikuwa mtamu, jambo lililonikera.

Ijumaa, 8 Novemba

Sielewi. Nina kadi ya Lyudmil, kadi isiyozimika, na lori langu limezimika kabla halijatoka kwenye maegesho. Lyudmil ana kadi yangu mbovu, na leo amepanda kuja kunishukuru: tangu nimtolee vumbi, kompyuta yake haipigi kelele hata kidogo. Akaniletea banitsa, mkate wa tabaka nyembamba wenye jibini. Nikaila kwa uchungu, vipande vinne.

Alipoondoka, Snezhana akaongea bila kuinua macho kutoka kwenye sweta analolifuma. "Baba Kalina, kosa si la kadi. Umeweka walinzi watatu kwenye mlango mmoja. Kila mmoja anamdhani mwenzake mwizi, na gemu likitaka kupita wote wanalirukia. Ondoa wawili, abaki mmoja."

Nikamweleza kwa upole kwamba ulinzi huongezwa, haupunguzwi. Akaendelea kufuma.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeshinda gereji nikitafuta feni ya gari bovu, ya kupoza kompyuta. Niliporudi nikamkuta Snezhana ameketi kwenye kiti changu, mbele ya skrini. Akasema ameisafisha kidogo. Hakuwa na kitambaa, lakini sikuuliza. Mikono yangu ilikuwa imejaa feni.

Nikaifunga kwa waya. Nikawasha gemu. Saa mbili nzima! Lori halikukohoa. Feni ilidondoka dakika ya tano, lakini kazi yake ilikuwa imeshaifanya.

Jumapili, 10 Novemba

Saa kumi kamili. Kalina mbele, mimi nyuma. Tukaipita Vienna. Tukaipita Budapest. Sikuthubutu kuuliza. Mvua ikaanza kunyesha kwenye gemu, na kwenye mvua ile akasema, "Baba, narudi nyumbani. Si likizo, narudi kabisa. Nimechoka kula peke yangu."

Nikapiga honi. Naye akapiga ya kwake. Tukapiga honi mpaka Snezhana akaja kusimama mlangoni, akifuta macho kwa sweta. Kalina akasema tarehe ya safari ataniambia Jumapili ijayo, akishapata tiketi, na kwamba nisilie kwenye barabara kuu maana nimeshahamia upande wa magari yanayokuja. Kweli, nilikuwa nimehamia.

Baada ya chakula nikaikagua kompyuta, kwa shukrani. Nimeduwaa. Walinzi wawili hawapo! Wametoweka, na mbwa ni mmoja wao. Basi nilikuwa sahihi tangu Jumatano: adui ameingia, amewaondoa mmoja mmoja, na bila shaka sasa anavizia tarehe ya binti yangu. Amechelewa. Nimewarudisha wote wawili, na nimeongeza wa nne.

Snezhana ameuliza kama Lyudmil bado ananikaribisha kucheza kwake Jumapili. Sielewi kwa nini ameuliza.