Mtarakwa wa Mama Lenny

Jumatatu, 3 Machi

Simu kutoka Turbo. Mama Lenny mwenyewe! Furaha hadi nikamwaga uji. Kisha akasema Jumapili anapita kuchukua mti wake. Furaha ikaisha papo hapo.

Huo mti ni mtarakwa. Umri mkubwa, urefu wa mguu wa meza. Aliung'oa Timboroa ukiwa mche, akauweka kwenye chungu kipana, akawa anaupogoa mwaka baada ya mwaka hadi ukawa kibete wa heshima. Wajapani huita bonsai. Mimi nimefika Juba, Kigali na Bujumbura juu ya lori, na mwenzake sijauona. Alipohamia kwa mwanawe Lenny huko Turbo, akaniachia mimi niutunze. Mimi jirani, si Guled wa duka la hapo getini. Guled aliumia sana. Niliona mwenyewe.

Leo nimeutazama vizuri. Kichwa kimekauka! Juu vijiti vitupu, kahawia tupu. Chini bado kuna kijani. Sababu ni jua la Januari, hakuna mjadala. Chakula haukukosa. Kila saa kumi jioni nachemsha chai ya vikombe viwili kama zamani, changu na cha Mama Lenny. Chake naumwagia mti. Maziwa, majani, sukari. Nani mwingine hapa Munyaka analisha mti hivyo?

Sasa sikiliza hesabu. Ukifa, atanikasirikia na hatarudi. Ukipona, atauchukua na hatarudi. Hapo ndipo mtu wa kawaida angelia. Mimi nina mpango: upone nusu. Uwe mzuri wa kutonitia aibu, mgonjwa wa kutoweza kusafiri.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoa kazini kiganja cha mbolea, ile nyeupe ya kukuzia mahindi. Ghala letu halikosi gunia lililotoboka. Kama inainua shamba zima la mahindi, kibete huyu ataishinda? Nimemwaga yote.

Guled akaniuliza kutoka dukani napanda nini. Nikamjibu: sayansi. Akasema mti huo haukui kwa sababu umechoka kunisikiliza. Nikamwambia, wewe, mtu aliyefunga hatukani watu. Akasema hajatukana, ametoa ushahidi.

Mwezi huu hata chai hawezi kunisaidia kunywa. Akaniita nikafuturu kwake, eti mkewe Saida ametengeneza sambusa nyingi. Nikasema nina shughuli.

Shughuli ilikuwa kukaa na mti.

Alhamisi, 6 Machi

Msiba! Kile kijani cha chini kimeanza kuwa njano. Mahindi hayafanyi hivi. Huu mti una kiburi.

Mpango wa pili. Nimekata vitawi vya saiprasi kwenye ua wa Wangeci, mwenye ploti, nikavifunga kwenye vile vijiti vikavu kwa uzi mweusi. Kazi safi! Ukisimama mlangoni, huwezi kujua. Ukitaka kusimama karibu, usisimame karibu.

Wangeci akatoka akipiga kelele, nani amenyoa ua wake. Nikasema mbuzi. Akauliza ni mbuzi gani siku hizi anatumia makasi. Nikasema dunia imebadilika, Mama. Akarudi ndani bila kuniaga.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefagia. Nimefagia tena. Chumba kimoja hakimalizi siku.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo: "Mama Lenny, mgonjwa huyu hawezi matuta ya barabara ya Turbo." Uso wa huzuni umekuja wenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Alishushwa getini na Lenny, aliyekwenda mjini mara moja. Salamu ya kwanza akampa nani? Guled! Wakacheka huko dakika nzima. Mimi mlangoni, nimevaa koti.

Alipoingia akasema, "Umekonda." Alisema mimi, si mti.

Kisha akashika kichwa cha mti. Tawi la saiprasi likabaki mkononi, na uzi wake. Nikamweleza kwamba ni mbinu ya kisasa, nimeiona Kigali. Alicheka hadi akakaa kitandani. Akanyoosha uzi, akauliza kama Kigali pia wanashonea kwa uzi wa suruali.

Akachukua makasi yangu. Akakwaruza gome kwa ukucha kutoka juu: kavu, kavu, kavu, halafu chini kidogo, kijani chenye maji. Hapo hapo akakata. Kichwa chote! Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameinua tawi la pembeni na kulikaza kwa waya, akasema hicho ndicho kichwa kipya, kitachukua muda lakini kitakuja.

Akautoa kwenye chungu aone mizizi. Akanusa udongo, akarudisha uso nyuma. Akaona sisimizi. Akaona punje nyeupe. Akauliza, "Mabonga, huu mti unakunywa nini?"

Nikasema chai.

Chai ya nani?

Nikasema, "Yako. Ya saa kumi. Kuchemsha ya mtu mmoja kumenishinda."

Hapo hakucheka. Aliangalia vile vikombe viwili mezani. Akanawa mikono, akamimina mwenyewe, akanywa, akaongeza. Kisha akaniambia, "Turbo si Juba, Mabonga. Ukitaka nije, piga simu useme, Mama Lenny, njoo. Ama panda gari uje wewe. Mimi sihitaji mgonjwa ndio nije." Akanifanya nirudie, kama mtoto wa nasari. Nikarudia. Nimeelewa kabisa.

Kisha nikatoa hotuba ya matuta. Hakuisikiliza. Aliosha mizizi, akaifunga kwa gunia bichi, akaenda nao mapajani kwenye gari la Lenny. Nilipunga mkono hadi wakakata kona. Halafu nikapunga kidogo tena.

Jumanne, 11 Machi

Meza imekuwa kubwa. Saa kumi nimechemsha, na kikombe kimoja kimepoa chenyewe.

Simu iko hapa. Ina chaji, ina salio. Lakini mtu mzima atapigaje simu kusema njoo? Akiuliza njoo nifanye nini, nitasema nini? Guled amepita tena na habari za futari. Nimemwambia nina shughuli, na leo ni kweli.

Nimetoka sokoni na mche wa parachichi. Mzuri! Majani yanang'aa, hauna ugonjwa hata mmoja. Kwa hivyo nimechemsha maji, nikaumwagia kichwani, pale juu tu, kijiko kwa kijiko, huku nikiuambia pole. Nimekwisha kuangalia: majani ya juu yameanza kulala.

Kesho nampigia Mama Lenny. Nitamwambia ni dharura.