Plaque ya Mama Adrienne

Jumatatu, 11 Novemba
Jana padri alitangaza: plaque za umeme wa jua zilizokufa zisitupwe tena migombani. Zikusanywe bila kufunguliwa, lori izipeleke Goma, mafundi wazifumue huko. Akauliza nani anaweza kutenga zilizokufa na zinazofanya kazi. Mumbere, mwenye duka la plaque mpya, alikuwa anafungua mdomo. Nikamuwahi. Sasa mimi ni président wa komite! Kupima plaque sijui.

Jumanne, 12 Novemba
Kipimo nimekibuni mwenyewe. Unafunga taa kwenye nyaya. Isipowaka, plaque imekufa. Saa moja asubuhi, uwanjani pa kanisa, ukungu wetu wa Masisi mzito hata msalaba wa juu hauonekani, nimepima kumi na moja. Zote maiti! Mama Adrienne, muuguzi wetu, akasema ya kwake "iko bado inafanya baridi mu frigo ya chanjo". Nikamjibu kwamba mazoea si sayansi. Akaiacha. Watu wananiita Ingénieur. Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu.

Jumatano, 13 Novemba
Fremu ya plaque ya Mama Adrienne ni aluminium safi, inaenea kabisa dirisha langu. Maiti haina haja ya fremu. Nyundo mara mbili tu. Kioo chote kikamwagika kama punje za mahindi. Mke wangu Aimée ameuliza kama padri anajua. Nimemwambia ni kazi ya komite.

Alhamisi, 14 Novemba
Jua kali. Mumbere amepima upya, adhuhuri, watu wakitazama. Kati ya kumi zilizobaki, saba zimewaka. Hakucheka. Angecheka, ningepata cha kumjibu. Aliuliza tu ya kumi na moja iko wapi.

Leo ilikuwa siku ya chanjo. Bila plaque, betri ya frigo imeisha, frigo imezimika, dawa zimekimbizwa kwa pikipiki hadi kituo kingine cha afya. Mama Byukusenge alitembea tangu alfajiri na mapacha, amerudishwa. Akipita alinisalimia: "Jambo, Papa Ingénieur." Kwa heshima kabisa. Nimeona haya mpaka masikio yakawa moto.

Jumamosi, 16 Novemba
Kwenye salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukitengeneza barabara, nimeweka jembe chini na kukiri mbele ya wote. Mama Adrienne hakunifokea. Alisema Mumbere ametoa plaque mpya, watoto watachanjwa wiki ijayo, na mimi nisiguse tena kitu chenye nyaya. Nimeapa. Nimelia pia, kweli.

Jumapili, 17 Novemba
Baada ya misa nimempelekea Mama Adrienne maharagwe ya kuomba radhi. Hakuwepo. Mlango wa kituo ulikuwa wazi, frigo inanguruma. Nikasikiliza. Inanguruma kupita kiasi. Mtu asiyejua angepita tu. Bisibisi nilikuwa nayo mfukoni.