RAM Mbili za Taa

Simu ilipoita, yule fundi aliyejulikana mjini kwa jina la Daktari alikuwa amekaa mbele ya kompyuta isiyokosa kitu ila RAM, vile vijiti vya kumbukumbu. Ilikuwa zawadi ya kumpelekea baba mkwe mtarajiwa. Kasha lilikuwa jipya, na ndicho kitu pekee kilichokuwa kipya. Feni ilitoka kwa mfamasia, diski kwa mwalimu wa hisabati, na kadi ya picha kwa kinyozi mmoja ambaye mpaka leo anaamini iliungua. Daktari alikuwa amezipangusa zote kwa spiriti, akazibandikia nailoni kana kwamba zimetoka kiwandani juzi.

"Kompyuta yangu inazima ovyo," ilisema sauti ya mama wa makamo kwenye simu. "Nimeiunga mwenyewe. Mara dakika tano, mara saa mbili, puu. Na ina RAM mbili kubwa, zile za kuwaka taa."

Daktari alifumba macho kidogo. Mtu mwingine angeita ile bahati. Yeye aliiita kazi.

"Mama, usiiguse," akasema. "Nakuja."

Msimfikirie vibaya kabla sijawaeleza utaratibu wake. Daktari hakuwa mwizi wa kuruka ukuta. Alikuwa akibadilisha. Akichomoa kizuri, aliacha kikuukuu, na hicho kikuukuu lazima kiwe kizima. Kompyuta ya mteja ilipaswa kupona kabisa, kwa sababu mteja asiyepona hupiga simu tena, na mteja anayepiga simu tena huanza kuuliza maswali. Kwa hiyo kila alipopita aliacha mashine nzima na wenyewe wakimshukuru. Kuna mafundi waaminifu wasioweza kusema hivyo.

Yule mama alikuwa mstaafu wa mitambo ya simu, mwembamba, amening'iniza miwani kifuani kwa uzi. Sasa alikuwa akihariri video za harusi. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kulia, na pembeni yake lilikuwepo daftari lenye mistari iliyojaa tarehe na saa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wameniambia wewe ni bingwa."

"Watu wanapenda kutia chumvi," akasema Daktari, kwa sura ya mtu ambaye chumvi imemkolea barabara.

Alifungua kasha. Vumbi lilikuwa la kutisha, limejaa kwenye feni na kila upenyo. Na katikati ya vumbi hilo, RAM mbili nyekundu zinawaka taa kama vile hazihusiki. Kesho alasiri ndipo zawadi ilipotakiwa kupelekwa.

"Mama, hapa kuna matatizo mawili," akasema kwa upole wa mtu anayeleta habari za msiba. "Vumbi, hilo unaliona. La pili ni hizi RAM. Taa hizi zinakula umeme wa ndani. Zimeshajichosha."

"Kumbe taa zinachosha?"

"Zinachosha sana. Lakini usijali. Nina mbili nyeusi hapa, hazina mbwembwe, hazina taa. Nakuwekea bure. Hizi nyekundu nitakwenda kukutupia, maana zina sumu."

"Mungu akubariki," akasema mama, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Daktari akapuliza vumbi, akapaka prosesa grisi mpya, akaweka RAM nyeusi, akawasha. Mama akafungua harusi ya saa tatu na nusu, wakaitazama pamoja mpaka bibi harusi akakata keki mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha. Kompyuta haikutikisika.

Akarudi kwake akipiga mluzi. Zile nyekundu alizijaribu nusu saa, zikatulia kama wageni wa siku ya kwanza. Ilikuwa ni vumbi tu, akajiambia. Akazifunika kwa nailoni.

Baba mkwe mtarajiwa alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, na hapo ndipo penye shughuli. Mzee yule hakuamini neno lisilopigwa chapa. Posa ilikuwa imeletwa miezi miwili iliyopita, na jibu lake lilikuwa lilelile: "Nitajibu kwa maandishi." Taipu yake ya zamani ilikuwa imekufa. Binti yake, ambaye Daktari alimpenda kwa dhati, na hilo naomba liandikwe upande wake mzuri, ndiye aliyemnong'oneza, "Mpelekee baba kompyuta, ataandika siku hiyohiyo. Baba hana shida. Mwenye shida ni shangazi, na yeye hujui atatokea lini."

Basi alasiri ya siku iliyofuata kompyuta ikawekwa mezani, nailoni ikabanduliwa kwa heshima mbele ya Karani na binti yake. Taa nyekundu zikawaka ndani ya kasha.

"Kila kitu kipya?" akauliza Karani.

"Kila kipande, baba. Vingine mimi ndiye mtu wa kwanza kuvigusa."

Karani akavaa miwani, akaketi wima, akaanza kupiga chapa kwa vidole viwili huku akijisomea kwa sauti. "Kuhusu: Posa ya binti yangu. Rejea maombi yako ya mdomo. Baada ya kutafakari kwa kina, napenda kukujulisha kwamba nime..."

Puu. Skrini ikawa nyeusi.

"Nime nini, baba?" akauliza binti.

"Nilikuwa bado sijafika," akasema Karani.

Daktari akacheka kidogo. Umeme wa mtaa huu, akasema. Akahamisha waya kwenye soketi nyingine. Karani akaanza upya toka "Kuhusu", kwa kuwa barua ya nusu haikuwa barua machoni pake. Safari hii alifika "nimeridhia kwa moyo mm", skrini ikawa ya bluu. Daktari akasema ni joto, akafungua dirisha. Mara ya tatu barua ilikatika kwenye "Rejea". Akasema ni waya. Mara ya nne iliganda huku feni ikivuma, na yeye akaanza kubonyeza vitufe ovyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi.

Karani akavua miwani, akaifuta polepole. "Kijana, mahakamani shauri likiahirishwa mara nne hufutwa."

Binti akamtazama kwa macho yaliyokuwa yanaomba, na Daktari akaona aibu ya kweli, ambayo hakuizoea na hakujua aiweke wapi.

Hodi ikabishwa mlangoni.

"Karibu, dada," akasema Karani. "Umekuja wakati mzuri. Shangazi yake huyu binti," akamwambia Daktari, "ametafuta hitilafu za simu miaka thelathini. Labda ataona kitu."

Akaingia mama mwembamba, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, daftari kwapani.

Daktari alisimama kuamkia.

"Marahaba," akasema Shangazi. "Inazima?"

"Inazima," akasema Karani.

"Mara dakika tano, mara saa mbili?"

"Umejuaje?"

"Uzoefu." Akavuta kiti, akafungua daftari. "Sisi wa mitambo tuna sheria moja. Unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, unaandika. Ukibadilisha viwili kwa mpigo hujui kilichoponya ni kipi. Sivyo, fundi?"

"Ndivyo, sh... mama."

"Sema shangazi, haidhuru. Fungua kasha, tuanze na RAM. Zitoe, zigeuze."

Alizigeuza. Chini ya kila moja, mahali ambapo mtu hatazami, palikuwa na tone dogo la rangi ya kucha, ya zambarau.

Shangazi akapaka mate kidoleni, akapindua ukurasa, mkono wenyewe una kucha za zambarau. Karani alikuwa ameinamia taipu yake ya zamani, hana hili wala lile. Binti aliona kucha, akaona matone, akaketi.

"Nyekundu hizi," Shangazi akamwambia Daktari kwa sauti ya chini, "zilinitesa miezi mitatu. Nilizikamata kwa kuandika daftarini kila zilipozima. Aliyeniuzia alikataa kuzichukua. Halafu huyu mtoto akaniambia mchumba wake ni fundi, nikasikia pia kinyozi anavyosimulia kadi yake ilivyoungua. Nikajisemea, nina RAM mbovu na nina mkwe wa kuchunguza, kwa nini nisivipime vyote siku moja."

"Lakini lile vumbi..."

"Vumbi nililitia mwenyewe jana asubuhi. Brashi ya viatu."

Daktari akazitazama zile RAM mkononi mwake. Amewaingiza watu mjini miaka yote hiyo, na leo ameingizwa yeye, na aliyemwingiza alimwambia Mungu akubariki.

"Sasa, shangazi?" akanong'ona.

"Zile nyeusi zangu sizitoi, zinafanya kazi vizuri sana, nakushukuru. Tafuta nyingine. Hapa mtu anaolewa leo au haolewi."

RAM nzuri nyingine aliyokuwa nayo duniani ilikuwa ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Alikimbia kwake, akaing'oa kwa mkono wake, akarudi akihema. Akaiweka. Karani akaanza tena toka "Kuhusu". Akapita "Rejea". Akapita "nimeridhia", akapita "kwa moyo mmoja", na binti akasogeza kiti chake karibu na cha Daktari.

"Ongeza ibara," akasema Shangazi.

"Ibara gani?"

"Mkwe atahudumia kompyuta za ukoo na za majirani wote, bila malipo. Kasha likifunguliwa, mimi niwepo."

"Ni haki," akasema Karani, akapiga chapa. Daktari alitia saini mahali alipoonyeshwa. Binti alimbana mkono chini ya meza kwa kucha, kwa nguvu, na hakuuachia.

"Hizi chukua," Shangazi akamkabidhi RAM nyekundu mlangoni. "Ulisema utanitupia."

Lakini kutupa vitu haikuwa tabia yake. Alizichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, zikawaka taa. Baada ya dakika kumi na moja, puu. Akawasha, ikazima. Wiki nzima akaishi hivyo, kila kazi anaianza upya kama barua ya Karani.

Siku ya nane simu ikaita. Sauti ya kijana mpole asiyemfahamu.

"Fundi, kompyuta yangu inazimazima. Nimeiunga mwenyewe. Ina RAM nne mpya kabisa, za taa."

Daktari alikaa wima. Mkono ulishafika kwenye bisibisi kabla hajaamua chochote.

"Usiiguse," akasema. "Nakuja sasa hivi."

"Haya, asante. Njoo taratibu tu," akasema yule kijana. "Shangazi naye yuko njiani, amesema atakushikia tochi."