Kifurushi cha Mzee Kabeya

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Miaka thelathini na saba tangu nitoke Kasai. Jirani yangu Mzee Kabeya amefariki. Mwili utazikwa hapa Kolwezi, lakini nywele na kucha zake zimefungwa katika kitambaa cheupe, zipelekwe kuzikwa kwao Kasai, karibu na Luputa. Chama chetu cha watu wa Kasai kitalipia treni. Nimejitolea. Nataka kuona kwetu kabla na mimi sijakatwa kucha. Tshilombo, mwanachama mwenzangu, naye amejitolea. Mnafiki. Hakumsalimia marehemu tangu Krismasi.

Barnabé, mwenyekiti, anadai cheti cha daktari, kwa sababu mpelekaji wa mwaka jana alifia njiani. Mke wangu Ngalula akadakia mbele ya wote: "Tata Muamba, weye uko unaanguka hata ukitoka ku kitanda." Nikamjibu kwamba sakafu ndiyo mbovu.

Jumatano, 10 Agosti

Zahanati. Daktari alihesabu mapigo yangu nimelala: mia na nne. Nimesimama: mia na nne. Navuta pumzi ndefu: yale yale. Nikamwambia huo ni moyo wenye nidhamu. Alikasirika. Alisema moyo mzima hubadilika. Wangu, kisukari cha miaka kumi na minane kimekula mishipa yake ya fahamu. Nikisimama haupati habari, damu inabaki miguuni, kichwa kinakuwa kitupu. Hata moyo huo ukiugua sana, huenda nisisikie maumivu. Nikauliza: yaani hautaniuma? Alikataa kunipa cheti. Aliandika barua ya maelezo tu.

Barua inatosha. Tshilombo goti linamuuma, anachechemea. Mimi siumwi kitu.

Ijumaa, 12 Agosti

Mkutano kwa Barnabé. Nilisoma barua nikiwa nimeketi, nikachagua maneno: mapigo hayabadiliki, maumivu hakuna. Walipiga makofi. Tshilombo alitaka kuiona, nikaikalia.

Desturi ni kupokea kifurushi kwa magoti, kisha kusimama nacho. Nilipiga magoti. Nikainuka upesi, Tshilombo aone goti zima linavyofanya kazi.

Niliamka kwenye mkeka, Mama Adolphine, mke wa Barnabé, akinipepea kwa kitenge chake. Kifurushi kilikuwa mikononi mwa Tshilombo. Tena alikuwa ameshasema, na watu wameshacheka: "Muleteko kitambaa ingine, tukate na kucha ya huyu."

Mshenzi. Na barua wameisoma yote.

Jumapili, 14 Agosti

Treni imeondoka na Tshilombo, suti yangu ya kijivu mwilini mwake. Ngalula ndiye aliyemwazima. Hata sikuulizwa.

Tangu alfajiri jasho linanitoka, taya zito, pumzi fupi, nimetapika mara mbili. Kifua hakiumi hata kidogo. Kwa hiyo si moyo. Ni hasira, na hasira haijaua mtu wa ukoo wetu. Nimekunywa chai, sukari vijiko vinne, nipate nguvu.

Ngalula amevaa viatu, analia, anataka twende zahanati sasa hivi. Nimemwambia avue.

Kwa daktari yule sitarudi. Na Kasai, naandika wazi ili nisijidanganye tena, sitarudi.