Neno Moja, Sekunde Mbili

Jumatatu, 5 Juni 2006
Shangwe! Meneja Mansuetus ametangaza kikaoni kwamba chama chetu cha wakulima wa kahawa sasa kinataka Mkuu wa Ofisi. Ni mimi au Mama Gertruda wa masjala. Alitangaza, kisha akasinzia. Kahawa yote ile ghalani, na hakuna kikombe kinachomwamsha! Haya nayaandika kwenye kompyuta ya ofisi, faili nimeliita BINAFSI. Nani atathubutu kulifungua?

Jumanne, 6 Juni
Gertruda ananichosha. Ukimwomba barua ya mwaka 1998, hata hainui kichwa: kabati la tatu, droo ya chini. Na kweli imo! Ila inanuka, maana usipa wake wa kutoka Lundo anauhifadhi humo humo. Nimemwambia ofisi si mnada wa samaki. Akanikumbusha, kwa upole, kwamba Jumamosi nilikula sahani mbili za usipa huo huo.

Jumatano, 7 Juni
Nimeshinda kabla ya kushindana! Binamu Cuthbert amepanda huku juu kutoka Mbaha na sidii yenye programu ya kutafuta. Unaandika neno moja, inakuletea kila kitu chenye neno hilo: barua, majedwali, barua pepe. Haijali faili linaitwaje. Inasoma mpaka tumboni! Tangu asubuhi inayasoma mafaili yote, mashine inanguruma, nami naizunguka nikicheka peke yangu. Mlinzi ameniuliza kama nyumbani ni salama.

Alhamisi, 8 Juni
Nilimwomba Meneja atushindanishe. Akakubali: itafutwe barua ya wakulima wa Kitura ya kuomba mtambo wa kumenya kahawa. Nikaandika Kitura. Sekunde mbili! Gertruda bado kapiga magoti kabatini. Nilicheza ngoma ya mganda kuizunguka meza, sifichi. Meneja naye akafurahi, akavuta kiti, akaomba tutafute jina lake. Nikaliandika kwa vidole vyote kumi.

La kwanza kabisa: BINAFSI.

Akasoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye kioo, mpaka pale pa kusinzia. Hapo akaacha. Sijawahi kumwona macho makavu namna ile. Gertruda akaingia na barua yake mkononi, akaiweka mezani, akauliza kama amechelewa.

Ijumaa, 9 Juni
Mkuu wa Ofisi ni Mama Gertruda. Roho inaniuma, siwezi kusema uongo. Nafasi ile niliitaka mpaka nilishafanya mazoezi ya saini. Lakini Pankras hafi kwa kofi moja! Kosa nimeshaligundua: ni lile jina. BINAFSI inaita watu. Kuanzia leo faili hili linaitwa MVUA ZA KITURA 1998, na hakuna binadamu atakayelifikia. Akili hizi, sijui nilizipata wapi!

Mkuu mpya anataka Jumatatu saa mbili nimfundishe ile programu. Nikamuuliza ataanza kutafuta neno gani. Akawaza kidogo, akasema kwa majaribio tu ataandika usipa. Usipa! Kwenye kompyuta ya kahawa! Nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Maskini mama wa watu, hatapata kitu.