Mshauri wa Beki wa Bosnia

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Aliusema kama fundi anavyosema gari kuukuu: utatembea, ila usiupandishe mlima. Basi, kabla sijazikwa, niandike ukweli.

Nimewaficha watu wa jumuiya yetu ya wahamiaji hapa Malvern mambo mawili juu ya Nedžad Begluk, yule beki wa Bosnia aliyecheza hapa hapa Johannesburg msimu mmoja. La kwanza: sikuwa mshauri wake. Sikuwa mkalimani wake pia. Nilikuwa mlinzi wa geti la klabu. Mimi, Évariste, niliyefundisha Kilatini Bukavu mpaka wanafunzi wakaota kwa Kilatini, nilikuwa nafungua geti na kulifunga.

Haya, limeandikwa. Halikuuma sana.

La pili ni zito. Kesho.

Kinachoniharakisha ni Ogutu. Huyu ni Mkenya, mstaafu wa benki, katibu wetu. Mtu akifa, Ogutu ndiye anayesoma wasifu wake kwenye matanga, na hasomi neno asilolihakiki. Marehemu Damien, fundi cherehani, maisha yake yote alitwambia kwamba alimshonea rais suti. Ogutu alisimama mbele ya jeneza akasoma: "Alishona suti." Mjane alilia upya.

Sasa Ogutu ameanza kuuliza juu yangu. Ningali hai, lakini yeye hapendi kazi ya haraka haraka.

Jumanne, tarehe 5

Amekuja. Aliketi kwanza, akafungua kalamu, ndipo akasema habari. Mtu aliyesoma vile! Nilimwitikia kwa mbali.

Akataka kujua nilimshauri nini huyo beki. Nikamweleza kama ninavyoeleza siku zote. Kwamba alizaliwa Zenica, mji wa viwanda vya chuma, ndiyo maana hakuogopa miguu ya watu. Kwamba alicheza Sarajevo, kisha Ubelgiji, akajifunza Kifaransa huko, kisha Uturuki, ndipo akaja kwetu. Kwamba mimi ndiye niliyemwambia nenda Irani, kule beki anaheshimiwa. Baadaye Saiprasi, kwa ajili ya goti lake, linapenda joto. Kazakistani sikuipendekeza. Alinikaidi, akajuta. Malesia nilikubali. Malta ilikuwa ya kupumzikia.

Ukweli wa yote hayo niliusoma magazetini, kwenye kiti cha plastiki, ndani ya kibanda cha mlinzi. Lakini kuna ukweli mmoja mdogo ambao ni wangu. Kila asubuhi alisimamisha gari getini, akashusha kioo, akasema, "Bonjour, papa." Nami nikamjibu, "Bonjour, mon fils," mwanangu. Wengine walipiga honi tu. Wengine hata honi hawakupiga, walisogeza gari mpaka bampa inagusa geti, kama ng'ombe anayetaka kuingia zizini.

Nyumbani nilikuja na koti la klabu. Watu wakauliza kama namjua yule Mzungu. Nikasema tunazungumza kila siku. Wakamalizia wenyewe. Mimi sikuwakatiza, basi.

Ogutu akaomba picha. Nikasema ziliibwa. Akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akasema hakuna shida, kwa kuwa Begluk mwenyewe yuko mjini. Amekuja kufundisha mabeki kwenye shule moja ya soka, upande wa Diepsloot. Ogutu amekwisha kuwapigia simu. Jumamosi atanipeleka kwa gari lake.

Chai ilinipalia. Marcelline, binti yangu, akanipiga mgongoni akadhani ni moyo.

Alhamisi, tarehe 7

Mpango wa kwanza: kuzidiwa.

Tangu alfajiri nililala nikiguna. Marcelline akachelewa kwenda saluni yake ya Jules Street, akamwita Orpha, yule nesi wa kanisani. Orpha akasikiliza moyo, akasema umechoka vilevile kama wiki jana, haujazidi. Nikaguna kwa nguvu zaidi. Akasema basi tusibahatishe: uji bila chumvi, hakuna fufu, hakuna nyama, hakuna sombe, kisamvu chetu, mpaka wiki ijayo.

Sikujua kwamba Marcelline alikuwa ameinjika sombe jikoni, yenye mawese na samaki.

Nilivumilia mpaka harufu ilipofika kitandani. Nikapona.

Marcelline alinitazama nikila. Akasema, "Papa, ugonjwa wako una masikio. Sufuria ikifunguliwa unasikia." Mama yake alikuwa na ulimi huohuo.

Jambo la pili sikuliandika leo. Tumbo limejaa, mtu hawezi kuungama akiwa ameshiba.

Ijumaa, tarehe 8

Mpango wa pili. Nilimpigia Ogutu nikamwambia Begluk ni mtu wa haya nyingi, haongei mbele ya wageni, bora niende peke yangu na dereva. Tena, nikasema, yeye husema Kifaransa tu. Kiingereza chake kiliishia kwenye "sharp" na "eish" za mitaani hapa.

Ogutu akasema vizuri sana, atakwenda nami, mimi nitafsiri. Si ndiyo ilikuwa kazi yangu?

Nilikata simu nikiwa nimeshindwa. Ndipo nikakaa kitako kitandani. Ogutu hajui Kifaransa. Hata "merci" anaitamka kama jina la shangazi yake. Kesho ni sikukuu ya wanawake ya hapa Afrika Kusini, saluni itajaa, Marcelline hawezi kuja. Hatakuwepo mtu wa kunisikiliza ila mimi mwenyewe, na mimi sina tabia ya kujisaliti.

Nimenyoa ndevu. Nimeomba shati jeupe lipigwe pasi.

Jumamosi, tarehe 9

Upepo wa Agosti, vumbi mpaka kwenye meno. Ogutu alisukuma kiti changu cha magurudumu kando ya uwanja, akisimama kila hatua kufuta miwani.

Begluk alikuwa katikati ya vijana, kipara, goti moja gumu. Akageuka, akaniona. Akasimama kama mtu aliyeitwa na mahakama. Kisha akaja moja kwa moja, akainama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bonjour, papa."

Nikajifuta macho. Vumbi.

Akazungumza kwa muda. Ogutu alikuwa ameshika kalamu kama mtu aliyeshika uma, akauliza anasema nini. Nikatafsiri: "Anasema hatanisahau. Anasema mimi ndiye niliyebadilisha maisha yake. Asingefika Irani bila mimi, wala kwingine kote. Na kila nchi aliyokwenda baada ya hapa, mtu wa kwanza aliyemkumbuka ni mimi."

Ogutu akaandika yote. Akaniita Mwalimu. Miaka yote ananiita Mzee.

Sasa niandike alichosema hasa, maana katika tafsiri ile nimekaribia sana kusema kweli na naona haya kwa kukaribia tu. Alisema: "Wewe ndiye uliyenifungia geti siku ya dabi."

Hilo ndilo jambo la pili. Alasiri timu ilikuwa ikikusanyika klabuni ipande basi. Begluk akarudi, nikakataa kumfungulia. Nilisema hana kadi, na sheria ni sheria. Basi likaondokea geti la nyuma. Kocha akamwita mtoro, hakumpanga tena, na msimu ulipokwisha wakamwacha. Akaenda Irani. Kweli kabisa, asingefika bila mimi. Jumuiya yetu iliomboleza kuondoka kwake kama msiba, na aliyeongoza maombolezo ni mimi.

Akasema pia kwamba siku ile alikuwa amepigiwa simu asubuhi kutoka Zenica, mama yake amelazwa. Alikuwa akiendesha gari bila kuona robot, ile taa ya barabarani, ni nyekundu au ni kijani. (Mama alipona. Yu hai, bado anamgombeza kwa kutovaa kofia.) Na tangu hapo, popote alipokwenda, Irani, Malesia, kokote, yeye humsalimia kwanza mlinzi wa geti. Hata akiwa amechelewa. Alicheka alipokuwa akisema hivyo.

Kisha akauliza, bila kucheka: "Kwa nini, papa? Ulinijua."

Nikajibu: "Sheria, mon fils."

Ogutu akataka kujua ameuliza nini. Nikasema ameuliza afya yangu.

Begluk akanitazama kama beki anavyomtazama mshambuliaji aliyejiangusha. Akasema atapita kuniaga Jumatatu kabla ya ndege, na nimfikirie jibu jingine. Ogutu, ambaye sasa yuko tayari kumbebea hata mabegi, akasema atamleta yeye mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la pili nimeliandika nusu. Nusu nyingine kesho.

Jumapili, tarehe 10

Ogutu alishindwa kusubiri nife. Baada ya ibada alisimama akasoma kipande cha wasifu wangu, kama jaribio. "Alikumbukwa na mwanasoka huyo katika kila nchi aliyoichezea." Watu wakapiga makofi. Mjane wa Damien alipiga makofi kuliko wote, maskini, nikatamani kumwambia mume wake alishona ile suti.

Nilikula sahani mbili za wali. Ya pili ilinikwama.

Mtoto wa mtu anasumbuliwa na kesi hii miaka yote, anazunguka dunia akiwaamkia walinzi, na mimi ninakula wali. Nimeamua. Kesho, Begluk akifika, nitamwomba Ogutu asubiri nje, nitamwambia yule mtu jibu la kweli. Ni sentensi moja tu. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kabati. Kwa Kifaransa inasikika vibaya kidogo, kwa Kilatini ingekuwa na heshima.

Marcelline ataondoka mapema kwenda saluni. Ameniachia rimoti ya geti kitandani, na simu ya geti karibu na sikio. Amesema, "Papa, kazi yako ni kubonyeza tu." Kana kwamba sikuifanya kazi hiyo miaka.

Moyo mwepesi. Hata Orpha angeshangaa.

Jumatatu, tarehe 11

Nilivaa shati jeupe tangu asubuhi. Rimoti mkononi. Sentensi mdomoni.

Gari la Ogutu likafika. Likapiga honi.

Nikangoja. Likapiga tena. Kisha simu ya geti ikalia, na Ogutu akasema: "Fungua, Mwalimu, tumechelewa."

Hivyo tu. Hakuna habari ya asubuhi. Hakuna umeamkaje. Hakuna hata jina la Mungu. Mtu mzima, katibu wa jumuiya, anamwamkia mgonjwa kwa honi. Nikasema moyoni, nitahesabu kidogo, nimpe nafasi ya kujirekebisha. Akapiga honi ya tatu, ndefu.

Kidole changu kilikuwa juu ya kibonyezo. Nashuhudia kwamba kilikuwa juu yake.

Kupitia pazia nikamwona Begluk akishuka kutoka kiti cha nyuma. Akaja mpaka kwenye geti, akashika vyuma kwa mikono miwili, akalitazama kutoka juu hadi chini. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika lile goti. Ogutu alikuwa akimwonyesha saa. Begluk akainamisha kichwa kuelekea dirisha langu, akarudi garini, na gari likaondoka kuelekea uwanja wa ndege.

Mchana Marcelline akauliza imekuwaje. Nikamwambia umeme ulikatika. Akalitazama friji, lililokuwa likinguruma vizuri kabisa.

Ogutu amepiga simu kuomba radhi kwa ajili ya umeme. Nimemsamehe. Nimemwambia pia aongeze kwenye wasifu kwamba ndiye mimi niliyemshauri Begluk aache kucheza wakati goti bado linakunjika. Amesema ataongeza. Kumbe ni mtu mwema, ila malezi.

Basi, sentensi ile, niiandike hapa kwa kuwa haikupata pa kutokea. Siku ya dabi kadi alikuwa nayo, inaning'inia shingoni, nililisoma jina lote. Lakini asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amepita mbele yangu bila kunisalimia.